Stroberi Kumi Katika Mfuko wa Koti

Mama wa stroberi amefariki. Habari zilinifikia Jumatatu asubuhi kupitia kundi la simu la watu wa kwetu tunaoishi kati ya Kitale na Bungoma, na kabla sijamaliza chai yangu kundi lilikuwa limejaa mishumaa, maua na maneno matamu. Mmoja aliandika kwamba tumempoteza malaika. Mwingine, ambaye namfahamu vizuri, na ambaye alivunja agizo la harusi ya bintiye kwa mama huyo siku tatu kabla ya sherehe, aliandika kwamba mikono yake ilikuwa baraka kwa kaunti mbili. Niliiweka simu chini kwa hasira. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba safu hii haina desturi ya kuwapaka marehemu asali, na leo sitaianzisha. Mwanamke huyu hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye dharau, mwenye ulimi usiohitaji kunolewa, na kwa miaka sita alinichukia kwa moyo wake wote. Nami nilimchukia. Kama kuna jambo moja tulilowahi kukubaliana, ni hilo.

Kwa wale ambao hawakuonja kazi yake, nieleze. Nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya mji wa Kitale, alikuwa na matuta ya stroberi aliyoyatandazia nyasi kavu ili matunda yasiguse udongo. Alichuma alfajiri ya siku ya sherehe yenyewe, kamwe si jana yake. Alichagua yale ya ukubwa wa kuingia kinywani mara moja, akakata upande wa majani ukawa bapa ili tunda lisimame wima kwenye sahani, kisha akaipasua ncha kwa alama ya msalaba na kulichimba ndani kwa kisu kidogo. Aliyapindua juu ya kitambaa safi yadondoshe maji yake. Krimu yake haikutoka dukani. Alichukua mala nzito, maziwa yetu ya mgando, akaifunga kwenye kitambaa na kuitundika usiku kucha mpaka maji yote yakachuruzika, kisha akaipiga pamoja na malai ya maziwa ya ng'ombe wake, sukari laini na matone ya limau. Krimu hiyo aliikamulia ndani ya tunda kwa mfuko wenye ncha, kama ule wa kupambia keki, akanyunyiza juu chembe za biskuti iliyopondwa. Ukiiweka kinywani, ilikuwa imeisha kabla hujajua kama umeanza kula. Nakiri hayo kwa shingo upande, kwa kuwa aliyeitengeneza alinikosesha raha, lakini ulimi wangu hauna chuki na mtu.

Kulikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kwa yeyote. Hakujaza tunda hata moja mpaka wageni wawe wamekaa vitini. Alikuwa akisema tunda likishajazwa lina saa moja ya kuishi, baada ya hapo ni uchafu. Sasa fikirini, mtu mwenye sharti la namna hiyo kufanya kazi katika nchi hii yetu, ambapo kadi ikisema saa nne asubuhi, mwenye harusi mwenyewe saa nne anakuwa bado anatafuta soksi. Alikuja kwenye sherehe zetu na saa yake mkononi, na alitutazama sote kama watoto waliochelewa shule.

Mara ya kwanza kumwona ilikuwa harusini Kitale, siku ambayo mambo yote haya yalianza. Nilikuwa nimekaa meza ya tatu, karibu na hema la wapishi, kwa hiyo niliona na kusikia. Kulikuwa na mheshimiwa aliyesubiriwa. Msema chochote, yaani mshereheshaji, kijana mwenye suti ya kung'aa, alikwenda kwake akiwa na kipaza sauti mkononi na kumbembeleza angoje.

"Mama, si ungoje kidogo tu. Mheshimiwa ako hapa tu Kiminini."

"Akikuja ni sawa," alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye matunda yake. "Atakula wali. Hizi hazimjui."

"Lakini mama, ni heshima bana. Meza kuu ndio inaanzanga."

"Meza kuu iko na watu? Hao wamekaa ni nani?"

Kisha akampokonya yule kijana kipaza sauti. Sijui wangapi waliwahi kuona jambo kama hilo harusini kwetu. Aliwatangazia wageni kwamba sahani zinakuja, kila mtu ale, na akaongeza maneno yaliyonichoma kama upupu: "Hizi ni za kula hapa hapa. Hakuna kubeba."

Msomaji asiye wa huku huenda asielewe kwa nini maneno mawili yaniwashe hivyo. Kwetu, mtu akienda sherehe hali peke yake. Ana watu aliowaacha nyumbani, na watu hao huketi wakingoja kile atakachokuja nacho: kipande cha nyama kwenye karatasi, chapati mbili, keki iliyobanwa ikawa bapa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hakuna mwenye sherehe mwenye akili timamu aliyewahi kusimama mbele ya wageni na kuwaambia wasibebe. Ni sawa na kuwaambia kwamba watu wao wa nyumbani si watu. Nami siku ile nilikuwa na mtu wangu nyumbani, mama yangu mzazi, anayeishi karibu na Chwele, ambaye goti lilikuwa limemzuia kusafiri na ambaye tangu asubuhi alikuwa ameniagiza nimletee utamu wa harusi. Nilimtazama yule mwanamke na kipaza sauti chake nikasema moyoni, utanijua.

Sahani ilipofika kwangu nilikula mbili. Kisha nilitazama kushoto na kulia, nikachukua nyingine kumi, nikazizungushia karatasi laini za kupangusia mikono, nikazifunga kwa ukurasa wa gazeti hili hili ninaloandikia, nikazitia katika mfuko wa ndani wa koti langu. Nilijiona shujaa.

Niliondoka Kitale mchana jua likiwa kali. Nilipofika Kimilili nilikutana na rafiki wa zamani, na mnajua mikutano ya namna hiyo. Tuliketi kwenye baraza la hoteli ya chai, tukaagiza chai, tukaagiza nyingine. Koti nililivua nikalitundika nyuma ya kiti upande wa jua. Ulipokaribia ukingo wa jioni ndipo nilipokumbuka kwamba nina mama anayenisubiri. Nilipofungua kifurushi mbele yake, matatu yalikuwa yamepondeka na saba yakabaki na sura ya tunda. Mama alikula yote saba. Alisema yamechacha kidogo, kisha akajijibu mwenyewe kwamba hiyo ni mala, na mala si huchacha? Usiku ule tumbo lilimshika. Alilala kitandani siku mbili, akawa mwepesi mkononi kama kuku wa kienyeji, na nikaogopa kama sijawahi kuogopa.

Hofu ile ndiyo niliyoiandika. Wasomaji wa zamani mnaikumbuka makala yangu juu ya wanawake wanaotuletea vyakula vya Kizungu na kutulisha sumu kwa sahani nzuri. Sikumtaja jina, kama nisivyomtaja leo, lakini kati ya Kitale na Bungoma kulikuwa na mwanamke mmoja tu aliyejaza krimu ndani ya stroberi. Niliandika kwamba mama yangu mzee wa Chwele, mgonjwa wa goti, aliponea chupuchupu. Niliandika juu ya mala iliyotundikwa usiku kucha "mahali pasipojulikana". Niliandika juu ya kiburi chake mbele ya wageni. Juu ya mfuko wa koti sikuandika neno. Mliipenda sana makala ile. Mlinipigia simu, mkanishika mkono njiani, mchungaji mmoja aliisoma kanisani.

Wakati ule yule mama alikuwa amepata chumba cha duka mjini Bungoma. Alikuwa ameshakipaka rangi ya waridi, ameshaleta friji, na fundi alikuwa ameshachora stroberi kubwa juu ya mlango. Nilikuwa nikipita mbele ya duka hilo nikienda kazini. Baada ya makala, maharusi wa Desemba wakavunja maagizo mmoja baada ya mwingine. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii waliokuwa wakimwagiza siku za mahafali wakarudi kwenye keki. Afisa wa afya alikwenda nyumbani kwake Kitale, akafungua sufuria zake zote, akanusa vitambaa vyake, akaondoka bila kupata kosa, lakini kuja kwake kulionekana na majirani, na kuondoka kwake mikono mitupu hakuna aliyekutangaza. Duka halikufunguliwa hata siku moja. Leo panauzwa vifuniko vya simu, na ukitazama vizuri chini ya rangi mpya, bado utaona mkia wa jani la lile tunda.

Wiki mbili baada ya makala alinifuata. Nilikuwa kwenye hoteli ya chai mjini Bungoma, mahali ninapopenda kuandikia, nikaona kivuli kimesimama juu ya daftari langu. Hakusalimu. Hakuketi.

"Wewe ndio unaandikanga?"

"Ndiyo, mimi."

"Mama yako aliamka?"

"Aliamka," nikamjibu, "na si kwa msaada wako."

"Ashukuriwe Mungu." Alisema hivyo kwa dhati, jambo lililoniudhi zaidi. "Sasa niambie, Mzee. Watu wote wa ile harusi walikula. Bibi harusi alikula sita nikihesabu. Nani mwingine aligonjeka?"

Nikafunika kalamu yangu.

"Mama yako alikuwa harusini?"

"Hakuwepo."

"Si mtu mgonjwa wa goti aliruka kutoka Chwele akakula meza ya tatu akarudi? Ama chakula yangu ilienda kwake na miguu?"

Watu wa meza za jirani walikuwa wameacha kutafuna. Nilikuwa nimelivaa koti lile lile siku hiyo, kwa kuwa sina makoti mengi. Aliinama, akashika upindo wake kwa vidole viwili kana kwamba anashika kitambaa cha mtoto mchafu, akaufunua. Kwenye bitana ya mfuko wa ndani kulikuwa na doa la waridi la ukubwa wa kiganja. Mke wangu alikuwa amelisugua mara mbili na lilikataa kutoka.

"Nilikuona," alisema. "Nilinyamaza juu ya heshima ya wenye harusi. Kumbe ningepiga kelele." Akauachia upindo wa koti. "Sitaki pole yako. Sitaki unisifu. Andika tu ya mfuko."

Ningeweza kusema sawa. Neno lenyewe ni jepesi. Badala yake nilijinyoosha kitini nikamwambia kwamba mimi siagizwi cha kuandika na mtu, sembuse mwanamke wa vitamutamu. Alinijibu kwa sauti ya chini, na hayo ndiyo yakawa maneno ya mwisho kutoka kinywani mwake kuja masikioni mwangu: "Basi ujue ni wewe ulimlisha mamako."

Alimwandikia mhariri barua. Mhariri alinipa niisome na akaniuliza kama tuichapishe. Nilimwambia ni mfanyabiashara mwenye machungu, nikaitia kwenye droo. Bado imo. Imeandikwa kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa mtu aliyefundishwa shule zamani, na haina tusi hata moja. Kila nilipoifungua droo ile kutafuta stempu au kalamu nilimchukia zaidi. Kwake Kitale aliendelea kuuza vikasha vidogo langoni kwa wapita njia, na kila mtu wa Bungoma aliyesimama pale aliulizwa naye kwanza kama ana mfuko. Alituita hivyo sote, watu wa mifuko. Alikuwa na haki ya kuniita mimi hivyo. Kuwaita watu wote wa Bungoma kwa ajili yangu ilikuwa ni ufidhuli, na kufa kwake hakunifanyi niuite jina lingine. Aliwafukuza wasaidizi kwa kosa la kunawa mikono mara moja badala ya mbili. Mjukuu wa jirani akigusa tuta lake, mtaa mzima ulijua. Mtu anaweza kuwa na haki na bado akawa mgumu kukaa naye.

Lakini nimekuwa nikijiuliza wiki hii kwa nini mliniamini upesi hivyo, na msinikasirikie nikiwajibu. Mliniamini kwa sababu mlitaka. Tuna ugonjwa huku kwetu wa kumshuku jirani anayefanya kitu kizuri kupita kiasi. Keki ya dukani yenye siku nne tunaila bila swali, kwa kuwa imetoka mbali na ina karatasi ya kung'aa. Tunda lililochumwa alfajiri na mwanamke tunayejua ukoo wake tunaliita maringo. Na mtu anayetuambia kazi yake ina saa yake, kwamba haitamsubiri mheshimiwa wala haitakaa mfukoni, huyo tunamwona ametudharau sisi, wala hatufikirii kwamba anaiheshimu kazi. Sisi tunaoandika ndio wabaya kuliko wote. Mpishi akikosea, tumbo linauma siku mbili. Mimi nilikosea, na rangi ya duka la mtu ikafunikwa kwa rangi nyingine, na nikalipwa mshahara wangu wa mwezi ule kama kawaida.

Nilikwenda mazishini Alhamisi. Msiseme nilikwenda kwa wema. Nilikwenda kwa sababu kwenye ratiba iliyosambazwa jina langu lilikuwemo, niseme kwa niaba ya waandishi, na nilikuwa nimeshatunga maneno. Yalikuwa maneno mazuri. Yalisema juu ya bidii, juu ya mikono, juu ya ladha, na mlivyo ninyi, mngeyapigia makofi. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili nikipapasa karatasi yangu pale binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliponijia. Alinishika mkono kwa adabu kama anavyoshikwa mkubwa.

"Mzee, shikamoo. Jina lako nimelitoa kwa programu."

"Marahaba. Kwani kuna shida, binti?"

"Hakuna shida. Mama alisema ukikuja upewe kiti na chakula, lakini usipewe maiki. Alisema wewe uko na kalamu."

Akaenda kuwapokea wageni wengine. Nilibaki pale na hotuba yangu nimeikunja mara nne, uso ukiniwaka. Hata akiwa ndani ya sanduku alikuwa amenishika upindo wa koti. Nilisikiliza wazungumzaji wengine wakimsifu, yule aliyevunja agizo la bintiye akiwa wa tatu, akilia kwa sauti. Baadaye nilikwenda nyuma ya nyumba kujiepusha na macho ya watu. Matuta yalikuwa mekundu. Hakuna aliyechuma tangu augue, matunda yalikuwa yameiva mpaka yakaanza kulala juu ya nyasi, na ndege walikuwa wanachagua wapendalo. Sikugusa hata moja.

Kesho yake nilikwenda Chwele. Mama sasa ni mzee sana, lakini masikio yake ni mazima na kumbukumbu yake inanitisha. Nilimweleza yote: kipaza sauti, gazeti, baraza la Kimilili, koti juani, doa, barua iliyo kwenye droo. Sikuacha kitu. Alinisikiliza huku akichambua maharagwe kwenye uteo, na nilipomaliza aliendelea kuchambua kwa muda mrefu.

"Papa," aliniita, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao. "Kwa hivyo yule mama alikuwa msafi?"

"Alikuwa msafi, Mayi."

"Kila Jumapili tukiombea adui, nilikuwa namtaja yule wa Kitale. Miaka yote. Nilikuwa naambia Mungu amrudishie." Akauweka uteo chini. "Sasa hiyo maombi nitaenda kuitoa wapi?"

Nilidhani nimemnyima haki mtu mmoja, kumbe nilikuwa nimemfanya mama yangu, mwanamke asiyewahi kumkosea hata kuku wa jirani, aombe mabaya juu ya mtu asiye na hatia, na mtu huyo amekufa. Chuki yangu na marehemu ningeibeba mwenyewe, mabega yangu yameizoea. Ile ya mama nilimbebesha mimi.

Somo ni dogo, na linatoka kwake, si kwangu. Hakuna kubeba. Kama una la kusema juu ya kazi ya mtu, liseme papo hapo likiwa bichi, mbele yake, na kama umekosea kubali kosa kabla halijalala. Ukweli nilikaa nao mfukoni miaka sita, na leo ninaoutoa umechacha, haumfai aliyeuagiza. Hata hivyo aliuagiza, kwa hiyo naandika ya mfuko. Zilikuwa stroberi kumi. Nilizichukua bila ruhusa baada ya kuambiwa nisibebe, nikazikalisha juani mchana kutwa. Mama wa stroberi hakumlisha mama yangu sumu. Nilimlisha mimi.